Saa Saba Mchana: Utakula Nini Kazini?

Msomaji wetu, hebu tuanze na siku moja tu. Umepata kazi yako ya kwanza ya kukaa ofisini. Labda wewe ni karani Kibiti mjini, labda unatoa fotokopi karibu na stendi, labda ni wakala wa fedha za simu, au umepangiwa zahanati kule Nyamisati. Mshahara si mkubwa, na nyumbani wanasubiri uwakumbuke.

Asubuhi umetoka na chai ya rangi na maandazi mawili. Saa nne umeongeza vitumbua. Saa saba njaa inauma, unavuka barabara, unaagiza chipsi mayai na soda baridi. Tamu kweli, we acha tu! Lakini saa tisa macho mazito, karatasi huzioni. Saa kumi unanunua kile kinywaji cha kuongeza nguvu ili ufike jioni. Kesho hivyo hivyo. Tarehe 15 mfuko mweupe, unaanza kumkopa muuza chipsi.

Unajiona una uchovu wa kazi. Kumbe sehemu kubwa ya uchovu huo umeinunua mwenyewe, tena kwa bei ghali. Somo letu la leo ni hili: chakula bora cha mchana kwa mtu wa Kibiti si kile cha ghali. Kipo sokoni na nyumbani kwenu, ila wengi tunaona aibu kukibeba.

MWILI UNADAI NINI?

Tanzania imekuwa na Taasisi ya Chakula na Lishe tangu mwaka 1973, na somo lake kubwa ni mchanganyiko. Kuna nafaka, mizizi na ndizi za kupika: wali, ugali, mhogo, viazi vitamu. Kuna jamii ya kunde na karanga: maharage, kunde, choroko, mbaazi, korosho. Kuna vya wanyama: samaki, dagaa, mayai, maziwa, nyama. Kuna mboga, kuna matunda, na kuna mafuta, ambayo yanatakiwa kidogo tu.

Sasa itazame siku yako. Maandazi ni unga, sukari na mafuta. Vitumbua ni mchele, sukari na mafuta. Chipsi ni viazi na mafuta. Ukiacha lile yai, tangu asubuhi umekuwa ukirudia kitu kile kile kwa majina tofauti! Kunde hakuna, mboga hakuna, tunda hakuna.

Na soda je? Chupa moja ya mililita 350 inaweza kuwa na sukari ya vijiko vya chai 9 hivi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa ipunguzwe, na likasema ni bora zaidi isizidi gramu 25 hivi kwa siku, yaani vijiko 6. Kwa hiyo chupa moja tu imeshapita kiasi hicho, na hapo hatujagusa chai wala maandazi. Sukari hiyo huingia kwenye damu haraka, na haikai na wewe muda mrefu. Ukichanganya na mlo wenye mafuta mengi na joto la mchana, usingizi wa saa tisa si uchawi.

Tusielewane vibaya. Chipsi si sumu. Ijumaa moja moja na marafiki, kula na ufurahi. Tatizo ni kila siku.

TUPIGE HESABU

Chukua kalamu. Namba hizi ni za mfano tu, wewe weka bei za kwenu.

Tuseme chipsi mayai ni shilingi 2,500 na soda 700. Jumla 3,200. Kwa siku 22 za kazi ni shilingi 70,400.

Tuseme wali maharage na mchicha kwa mama lishe ni 1,500, na chungwa ni 200. Jumla 1,700. Kwa siku 22 ni shilingi 37,400.

Tofauti ni shilingi 33,000 kila mwezi. Hiyo ni ada ya mdogo wako, ni nauli ya kwenda kumwona mama, ni akiba ya siku utakayougua. Na bado hatujahesabu vitumbua na kile kinywaji cha saa kumi.

UKINUNUA KWA MAMA LISHE

Kibiti ipo kwenye barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara. Vibanda vingi vya barabarani vinapika kwa ajili ya abiria mwenye haraka, anayekula mara moja na kupita. Wewe si abiria. Wewe utakula hapo mwaka mzima. Kwa hiyo mtafute mama lishe mmoja msafi, mzoeane.

Tazama mambo matatu. Je, ana maji ya kunawa na sabuni? Chakula kimefunikwa na bado kina moto? Vyombo vinaoshwa kwa maji safi au vinachovywa tu kwenye beseni lile lile? Kachumbari iwe imetengenezwa muda huo huo kwa mboga zilizooshwa kwa maji salama. Kipindupindu hakichagui mfanyakazi wa ofisini.

Kisha omba bila kuona haya: "Shikamoo mama. Naomba wali unipunguzie, maharage na mboga uniongezee." Wengi watakubali, maana mteja wa kila siku ni mali. Dagaa wakiwepo, wachukue. Dagaa anayeliwa mzima na mifupa yake anakupa pia madini ya kujenga mifupa, na mara nyingi bei yake ni ndogo kuliko nyama. Chumvi isiongezwe mezani.

UKIBEBA KUTOKA NYUMBANI

Hapa ndipo penye akiba kubwa, na hapa pia ndipo watu wanapokosea. Joto la Pwani halina utani. Chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Wali uliopikwa saa kumi na mbili asubuhi ukaliwa saa saba umekaa saa 7! Wali una vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Ukikaa vuguvugu huzaliana na kutoa sumu, na sumu nyingine haiondoki hata ukiupasha moto tena. Matokeo yake ni kutapika au kuharisha.

Na nazi? Mtu wa Pwani hahitaji kufundishwa: mbaazi za nazi ni tamu, lakini zikisahaulika mezani zinachacha upesi. Vyakula vya nazi vile nyumbani jioni, vikiwa vya moto.

Sasa ubebe nini?

Njia ya kwanza ni hotpoti nzuri. Imimine maji yanayochemka, ifunge dakika chache, yamwage, kisha jaza chakula cha moto kabisa mpaka juu. Usiifungue mpaka wakati wa kula. Ukifungua ukakuta chakula kimekuwa vuguvugu, hotpoti hiyo haikufai kwa safari ya asubuhi hadi mchana.

Njia ya pili ni kubeba vikavu na kununua cha moto. Beba muhogo wa kuchoma, karanga, dagaa wakavu waliokaangwa na tunda lisilomenywa. Mchana nunua bakuli la maharage tu kwa mama lishe. Umekula vizuri, umelipa kidogo.

Njia ya tatu ni kuchangishana. Mkiwa watatu au wanne ofisini, ongeeni na mama lishe mmoja awapikie kwa wiki nzima kwa bei ya pamoja. Leo kunde, kesho samaki, kesho kutwa choroko. Yeye ana uhakika wa wateja, nyinyi mna uhakika wa mboga.

Utasikia mtu anacheka: "Huyu naye, muhogo ofisini!" Mwache acheke. Mwisho wa mwezi ndiye atakayekuja kukukopa.

VITAFUNWA VYA SAA NNE NA SAA KUMI

Badala ya vitumbua na biskuti kila siku, zungusha hivi: karanga za kukaanga au kuchemsha, hindi la kuchoma, kiazi kitamu, ndizi mbivu, chungwa, papai. Msimu wa embe ukifika, kula embe. Korosho ni zao letu, ila bei yake imepanda juu. Ukipata zilizovunjika kwa bei nafuu, kiganja kimoja kinatosha.

Na mabibo je? Wakati wa mavuno ya korosho mengi huachwa yaoze chini ya mikorosho, wakati bibo lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa. Kula, ila inama mbele! Doa la bibo kwenye shati jeupe la kazini halitoki.

Tahadhari mbili. Karanga au mahindi yenye ukungu, yaliyosinyaa au kubadilika rangi, usile. Huenda yana sumukuvu, ile iliyougua na kuua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Pia muhogo mbichi wa kutafuna uwe ule mtamu unaofahamika. Muhogo mchungu una sumu, na lazima uandaliwe kwa njia wanazozijua wazee wetu, za kuuloweka na kuukausha, kabla ya kupikwa.

Kinywaji ni maji. Yachemshe au yatie dawa ya maji, weka kwenye chupa safi, njoo nayo. Mara nyingine tunadhani ni njaa kumbe ni kiu. Ukitaka kujipongeza, kunywa dafu.

KWA DADA ZETU

Dada, mambo mawili yanakuhusu zaidi.

La kwanza ni damu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wanawake 42 kati ya 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa na upungufu wa damu. Kila mwezi unapoteza damu, na chipsi peke yake haziirudishi. Kula maharage, kunde, dagaa, kisamvu kilichoiva vizuri, mchicha. Malizia na chungwa au embe, maana vitamini C inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye mboga na kunde. Chai ya rangi inazuia madini hayo. Kwa hiyo usiinywe pamoja na mlo. Subiri kama saa moja. Ukiwa mchovu kila siku, unapumua kwa shida ukipanda ngazi au kizunguzungu hakiishi, usikimbilie kinywaji cha nguvu. Nenda kituo cha afya wakupime wekundu wa damu.

La pili ni chakula cha bure. Kuna bosi au mteja anayekununulia chipsi kuku kila mchana. Wiki ya kwanza ni ukarimu, ya pili ni mazoea, ya tatu anataka namba ya chumba chako. Si kila anayekulisha ana nia mbaya. Lakini ukiwa na chakula chako mwenyewe mezani, ni rahisi kusema: "Ahsante kaka, nimeshakula." Na kaka zetu, nanyi msigeuze sahani kuwa mtego.

ULIYE DELTA

Kama umepangiwa vijiji vya delta, hali yako ni nyingine. Samaki, kamba, wali na nazi vipo, lakini sehemu nyingine maji chumvi yanapanda na bustani ya mboga ni kazi kweli. Wewe pungufu lako si nyama, ni mboga na matunda. Jaribu mchicha au matembele kwenye viroba au ndoo zilizotobolewa chini, umwagilie maji baridi. Mtu akivuka kwenda Kibiti, mwagize machungwa na kunde kavu. Kunde kavu hazina haraka ya kuoza.

RATIBA YA KUANZIA

Jumatatu: wali, maharage na mchicha kwa mama lishe, chungwa.
Jumanne: muhogo wa kuchoma na dagaa wakavu kutoka nyumbani, bakuli la maharage la kununua, ndizi mbivu.
Jumatano: ugali, samaki na matembele, papai.
Alhamisi: kande za moto kwenye hotpoti, karanga, tunda la msimu.
Ijumaa: ukitaka chipsi, kula. Omba na kachumbari, kunywa maji.

JIPIME

1. Wiki iliyopita ulikula mboga za majani mchana mara ngapi?
2. Ulikunywa soda au vinywaji vya nguvu chupa ngapi? Zidisha kwa bei yake.
3. Tangu mwezi uanze, unadaiwa chakula shilingi ngapi?

Kama mboga hazifiki mara tatu, au deni lipo, usijilaumu na usibadilishe kila kitu kwa siku moja. Chagua jambo moja tu kwa wiki hii. Labda ni maji badala ya soda, labda ni chungwa kila mchana. Pesa uliyookoa iweke pembeni, uihesabu tarehe 30.

Kazi uliitafuta kwa shida. Usiache saa saba mchana ikunyang'anye mshahara na afya kwa pamoja.