Umeliinua gari, sasa usukani umekaa upande

Hapa Arusha, msimu wa wageni ukikaribia, magari huanza kupanda juu: springi ndefu, shokapu mpya, matairi makubwa. Haipiti wiki mbili wenyewe wanarudi na malalamiko yale yale. Usukani umekaa upande. Gari linatangatanga. Matairi yanalika kama yamepigwa tupa. Maswali yafuatayo nimeulizwa gerejini, mengine na madereva, mengine na vijana wanaojifunza kazi. Majibu mengi nimeyajenga juu ya Land Cruiser 80 lililoinuliwa inchi 2, gari lenye ekseli nzima mbele. Ni gari linalosamehe kazi ya nyumbani.

Shikamoo fundi. Springi nimefunga mwenyewe nyumbani. Alaimenti nayo naiweza, au lazima niende kwenye mashine?

Marahaba. Unaiweza, lakini si yote. Pembe ziko tatu. Tou ni magurudumu ya mbele yanavyoelekeana, kama mtu anayetembea akigeuza vidole ndani au nje. Kemba ni gurudumu linavyolala, juu yake likiegemea ndani au nje. Kasta huioni kwa macho: ni mlalo wa ule mhimili ambao gurudumu huuzunguka unapokata kona. Mfikirie baiskeli, uma wake wa mbele haujasimama wima, umelala kidogo nyuma. Mlalo ule husaidia baiskeli iende hata ukiachia mikono.

Kwenye Land Cruiser 80, tou unairekebisha kwa spana. Kemba haina pa kurekebishia. Ikiwa mbaya, jua beringi zimekwisha au ekseli imepinda. Kasta ndiyo inayoharibika ukiinua gari, na hairekebishwi kwa spana peke yake. Anayekuambia "nimekupigia alaimenti", muulize amegusa ipi.

Sijagusa chochote cha steringi. Kwa nini usukani umepinda?

Kwa sababu chuma kinachotoka kwenye boksi ya steringi kwenda gurudumuni, draglinki, sasa kimesimama mteremko zaidi. Boksi imepanda na chasi, ekseli imebaki chini. Chuma ni kile kile, lakini urefu wake wa ulalo umepungua, basi kinavuta magurudumu upande mmoja. Wewe ukinyoosha magurudumu, usukani ndio unaopinda.

Dawa ni kurekebisha draglinki yenyewe. Nasisitiza kwa sababu niliumia hapa. Gari langu la kwanza kuinua nilimpelekea fundi mmoja, akang'oa usukani, akaurudisha ukiwa umenyooka, akapokea hela yake. Nilitoka nikimshukuru. Baada ya siku chache nikaona gari linakata kona vizuri kulia, kushoto linakataa mapema. Boksi ya steringi ilikuwa imebaki nje ya katikati yake. Usukani ulinyooka kwa macho tu.

Nyumbani sina mashine wala sakafu ya gereji. Nitumie nini?

Vifaa vya mwashi. Uzi, timazi, tepu, chaki, na ule mpira wa maji wanaopimia msingi. Tafuta mahali penye sakafu ngumu, kisha tumia mpira wa maji kulinganisha sehemu nne yatakaposimama matairi. Palipobonyea weka kipande cha bati nene. Kwa tou, sakafu ikizidiana kidogo haikuangushi. Kwa kemba na kasta itakudanganya.

Halafu lipakie gari vile linavyoishi. Kama kila siku lina keria juu, matairi mawili ya akiba na madumu ya mafuta, lipime nayo. Upepo wa matairi uwe sawa pande zote. Kabla ya yote, inua mbele kwa jeki, weka stendi za chuma (si matofali, tofali hupasuka bila kuaga), kisha shika tairi juu na chini ulitikise, halafu kushoto na kulia. Likicheza, simama hapo. Kupima alaimenti kwenye beringi mbovu au tairodi endi iliyokufa ni kupima kivuli.

Nieleze kupima tou, hatua kwa hatua.

Gari likiwa bado juu, paka chaki katikati ya tairi kuzunguka lote. Mwenzako alizungushe, wewe shikilia msumari uliotulia juu ya kigogo, uchore mstari mmoja mwembamba kwenye chaki. Fanya pande zote mbili. Sasa una mistari miwili ya kweli, kwa sababu tairi lenyewe huwa halikai mviringo kamili, na ukipima kutoka kwenye meno yake utapata jibu jipya kila mara.

Shusha gari. Usipime hapo hapo. Lisukume mbele mita tatu hivi likae, na liishie kusimama likitoka nyuma kwenda mbele, usilirudishe. Magurudumu yawe yanaelekea mbele, hata kama usukani umekaa upande.

Pima umbali kati ya mistari miwili mbele ya matairi, kwenye kimo cha katikati ya gurudumu. Pima tena nyuma ya matairi, kimo kile kile. Tepu moja ikishikwa na watu wawili hulegea, kwa hiyo mimi huangusha timazi kutoka kwenye kila mstari, natia alama sakafuni, kisha napima alama. Mbele ikiwa fupi kuliko nyuma, magurudumu yanaangaliana ndani. Nikipata tofauti ya milimita 1 hadi 3 ndani naridhika, ila kitabu cha gari lako kikisema lingine, fuata kitabu.

Nimepima tou, nimepata tofauti ya milimita 6. Ni kitu gani kwa gari la tani mbili na ushee?

Tupige hesabu. Tairi la 265/75R16 lina kipenyo cha takriban milimita 804. Milimita 6 zikigawanywa kwa magurudumu mawili, kila moja linaelekea pembeni milimita 3 katika kila milimita 800 hivi. Maana yake, kila kilomita unayotembea, tairi linaburuzwa kando karibu mita 4. Ukitoka Dar es Salaam hadi Dodoma, kama kilomita 450, kila tairi la mbele limeburuzwa ubavu zaidi ya kilomita moja na nusu juu ya lami. Ndiyo maana linalika kwa meno makali upande mmoja. Pitisha kiganja utayahisi kabla hujayaona.

Nimezungusha tairodi kurekebisha tou, hali imekuwa mbaya zaidi.

Umezungusha kinyume, na wewe si wa kwanza. Angalia tairodi inayounganisha magurudumu mawili imepita wapi. Ikiwa nyuma ya ekseli, kuirefusha kunasukuma matairi yaachane nyuma, basi mbele yanakaribiana. Ikiwa mbele ya ekseli, mambo ni kinyume. Legeza klampu zote mbili, pulizia mafuta, zungusha robo mzunguko kwa paipu renchi, sukuma gari, pima tena. Robo tu. Mkono wa steringi ni mfupi kuliko nusu ya kipenyo cha tairi, kwa hiyo kinachoonekana kidogo kwenye chuma kinakuzwa kwenye mpira.

Tou ikikaa, ndipo unanyoosha usukani kwa draglinki. Ukianza na draglinki hutaharibu kitu, ila utaifanya kazi mara mbili.

Nimepigiwa alaimenti mara tatu. Bado gari linatangatanga na usukani haurudi wenyewe baada ya kona.

Hiyo ni kasta, na hata ukipigiwa tou mara thelathini haitapona. Ekseli ya mbele ya 80 inashikwa na mikono miwili mirefu inayotoka kwenye chasi. Ukiinua chasi, mikono inashuka mbele, na kwa kuwa imeikamata ekseli kwa bushi mbili mbili, inaizungusha nayo. Inchi 2 zinaweza kukunyang'anya kama digrii 2, na gari lenyewe lilitoka na kama digrii 3. Uma wa baiskeli umesimama wima.

Kuipima nyumbani inawezekana. Weka kila gurudumu la mbele juu ya vipande viwili vya bati nene vyenye grisi katikati, ili ligeuke bila kung'ang'ania. Chora sakafuni mstari wa digrii 20: kwa kila sentimita 100 za kwenda mbele, sentimita 36 za kwenda pembeni. Mtu akanyage breki. Geuza gurudumu digrii 20 nje, egemeza rula ngumu wima kwenye rimu na simu yenye programu ya kupimia mlalo, andika. Geuza digrii 20 ndani, andika. Kasta ikiwa nzuri, gurudumu likitazama nje juu yake huegemea nje, likitazama ndani huegemea ndani. Tofauti ya namba hizo mbili zidisha kwa 1.5, umepata kasta yako.

Kuirudisha, tunabadilisha bushi za mikono kwa zile zenye tundu lililohama katikati, au tunafunga sahani za chuma zinazohamisha bolti. Kupress bushi zile nyumbani sikushauri. Nimeona watu wakizipiga nyundo hadi zinapasuka.

Likigonga shimo baada ya barabara ya rasta, mbele yote inatetemeka hadi nisimame.

Usikimbilie shokapu ya steringi. Inaficha tu. Kagua panadi, ule mwamba unaoizuia ekseli isihame kando: bushi zake na tundu za bolti zake. Tundu likishakuwa yai, hata bolti mpya haikai. Ukiwa hapo, pima kwa timazi kama ekseli iko katikati ya chasi, maana kuinua gari huisogeza milimita chache upande mmoja.

Mimi nina Hilux Vigo. Ni hayo hayo?

Hapana. Hiyo kila gurudumu la mbele linajitegemea, na ukiinua pembe zote tatu zinahama pamoja. Kuna bolti zenye kamu kwenye mikono ya chini: zitie alama ya rangi kabla hujazilegeza. Kasta kwanza, kemba ifuate, tou mwisho, kwa sababu kila ukigusa mbili za kwanza tou inakimbia. Mimi kwa Hilux nyumbani napima tou tu, ili lifike kwenye mashine bila kula matairi njiani.

Nikishamaliza, nirudie lini?

Kilomita 500 za vumbi. Springi mpya hukaa, na klampu uliyodhani umeikaza hulegea. Chukua spana kabla ya tepu.