MIZIZI, KUVU NA MBOLEA YA MKOPO
Somo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Mkaguzi afunguapo daftari la wadaiwa wa pembejeo katika chama cha msingi, mara nyingi hukuta wanachama wawili waliochukua mifuko sawa ya mbolea, siku moja na kwa bei moja. Mmoja amelipa deni lake lote kwa mauzo ya msimu; la mwenziwe limevuka mwaka. Ni rahisi kusema kwamba yule wa pili ni mvivu, na huenda ikawa kweli. Lakini yawezekana pia kwamba mbolea yake ilifika shambani bila kufika kinywani mwa mmea. Kinywa cha mmea ni mzizi. Somo hili linaeleza jinsi mzizi unavyokula, nani humsaidia na nani humwua, ili chama kisikopeshe mbolea kwa mimea isiyoweza kuila.

1. Mzizi hulaje?

Mmea hauli udongo. Hunywa maji ya udongoni yenye chumvichumvi za chakula, na kazi hiyo hufanywa hasa na mizizi midogo na vinyweleo vyake. Kwa mkahawa, sehemu kubwa ya mizizi hiyo ya kulishia imo katika sentimeta 30 za juu. Kwa hiyo anayepalilia kwa jembe zito chini ya mkahawa hukata vinywa vilevile anavyotaka kuvilisha.

Tena mzizi hupumua. Udongo uliotuama maji au ulioshindiliwa kwa kukanyagwa hauna hewa, na mzizi usiopata hewa hauwezi kuvuta chakula hata kama kimeuzunguka. Majani huwa ya njano, na mkulima hudhani kwamba mbolea haitoshi. Huongeza mbolea, na deni huongezeka pamoja nayo.

Jambo la tatu ni uchachu wa udongo. Mkahawa hupenda kipimo cha pH cha kati ya 5 na 6 au kupita kidogo. Udongo ukichacha mno, madini ya alumini huyeyuka na kudumaza ncha za mizizi, na fosforasi hushikwa na chuma na alumini isiweze kunywewa. Mbolea ya salfeti ya amonia, yaani S.A., ikitumiwa mwaka hata mwaka bila chokaa, huzidisha uchachu huo. Mbolea ya CAN haichachui udongo kwa kiasi hicho.

2. Kuvu rafiki

Tukisikia neno kuvu hufikiri ugonjwa tu. Hata hivyo udongoni kuna kuvu ambazo mimea mingi haistawi vema bila hizo. Mwaka 1885 mtaalamu wa Ujerumani, Albert Bernhard Frank, aliupa ushirika huo wa kuvu na mzizi jina la mikoriza, maana yake kuvu-mzizi. Leo inajulikana kwamba mimea mingi zaidi ya nchi kavu huishi katika ushirika huo: mahindi, maharage, mihogo, migomba na mikahawa yote imo.

Mapatano yao ni haya. Kuvu huingia ndani ya mzizi bila kuudhuru, kisha hutandaza nje nyuzi nyembamba kuliko unywele. Nyuzi hizo hufika sentimeta kadhaa mbali na mzizi na kupenya matundu ambayo mzizi hauwezi kuyaingia. Huleta maji, zinki na hasa fosforasi. Fosforasi ni chakula kisichotembea sana udongoni. Mzizi ukiisha kula iliyo karibu nao, hubaki na njaa hali iliyo mbali kidogo ingalipo. Kuvu huifuata iliko. Kwa malipo, mmea huipa kuvu sukari iliyotengenezwa na majani. Hakuna anayepewa bure: kila mmoja hutoa alichonacho na kupata asichoweza kujipatia.

Muhogo ni mfano mzuri. Mizizi yake ya kulishia ni michache na minene, nao hutegemea sana kuvu hizi kupata fosforasi. Ndiyo sababu mojawapo ya kustahimili ardhi iliyochoka. Misonobari nayo ilitoa funzo katika nchi nyingi za joto ilikopelekwa mara ya kwanza: miche ilidumaa na kufa mpaka ulipoletwa udongo wenye kuvu zake kutoka misitu ya misonobari. Mvua ilikuwapo na ardhi ilikuwapo. Aliyekosekana ni mwenzi.

Kuvu rafiki hudhoofishwa na mambo manne: kulima kwa kina mara kwa mara, ambako hukata nyuzi, kuacha ardhi tupu kwa muda mrefu, kwa kuwa kuvu hizi haziwezi kuishi bila mizizi hai, kumwaga dawa za kuua kuvu ovyo udongoni, na kujaza mbolea ya fosforasi kupita kiasi, kwani mmea ulioshiba hupunguza ushirika. Tena kabichi na sukuma wiki hazishirikiani na kuvu hizi. Shamba lililopandwa mboga hizo misimu mfululizo litakuwa na kuvu chache kwa zao linalofuata. Zipokezaneni na mahindi au maharage.

3. Kuvu adui

Ya kwanza ni mnyauko fuzari wa kahawa. Ugonjwa huu uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1927 katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati. Ulionekana Uganda mwaka 1993, ukaharibu robusta kwa wingi, na mwaka 1997 ukaripotiwa mkoani Kagera. Kuvu yake huingia kupitia majeraha ya mizizi na ya chini ya shina, kisha huziba mishipa ya maji. Majani hugeuka njano, hunyauka na kupukutika, pengine upande mmoja kwanza. Ukikwangua gome, mti wa ndani huonekana wa kahawia au wa buluu-nyeusi. Mti ulioshikwa haufufuki, na mbolea haiusaidii.

Ya pili ni armilaria, ambayo hushambulia kahawa, chai na miti mingi. Huishi katika visiki na mizizi ya miti ya msitu iliyokatwa, kisha huuvamia mkahawa jirani. Chini ya gome la mzizi utaona utando mweupe wenye harufu ya uyoga. Katika miaka ya 1930, kwenye mashamba ya chai ya Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, ilionekana kwamba mti ukibanduliwa gome kuzunguka shina na kuachwa ufe polepole kabla ya kukatwa, wanga wa mizizini huisha na kuvu hukosa chakula.

4. Mambo ya kutenda

(a) Kabla ya kuagiza mbolea, chama kipeleke sampuli za udongo zikapimwe kwa msaada wa bwana au bibi shamba. Palipochacha, chokaa itangulie. Mbolea ya fosfeti ya Minjingu hufanya kazi vizuri zaidi penye uchachu kiasi.

(b) Mashimo ya kahawa yawe ya sentimeta 60 kila upande, na mche upandwe mzizi mkuu ukiwa wima. Mzizi uliopinda humdhoofisha mkahawa maisha yake yote.

(c) Tandazeni majani makavu na kuweka samadi iliyooza. Matandazo hutunza unyevu, hupunguza palizi na kuhifadhi nyuzi za kuvu.

(d) Msiuchubue mkahawa kwa jembe wala panga. Mti wenye mnyauko ung'olewe na kuchomwa palepale. Usiwe kuni za kubebwa nyumbani, na panga lililoukata lisafishwe kwa moto au dawa kabla ya kugusa mti mwingine.

(e) Visiki ving'olewe pamoja na mizizi yake.

(f) Katibu aandike, kando ya jina la kila mkopaji, hali ya shamba lake: uchachu, maji kutuama na miti iliyokufa. Kamati ikae na maandishi hayo kabla ya kuidhinisha mikopo.

Deni la mwanachama asiyeweza kulipa hatimaye hukatwa katika fungu la wote. Kutazama mizizi yake mapema ni kulinda mali ya chama.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini mmea huweza kuwa na njaa ya fosforasi ilhali fosforasi imo udongoni?
2. Taja mambo manne yanayodhoofisha kuvu rafiki. Yapi hutendeka katika mashamba yenu?
3. Mwanachama ana mikahawa kumi iliyonyauka, naye anaomba mbolea ya mkopo. Kamati imjibu nini, na imsaidie vipi?