Kemikali Isitoke Stooni Kimyakimya: Maswali na Majibu Kuhusu Mafunzo ya Hiari ya Mtandaoni

Viwanda vya Bujumbura vinatengeneza bia, soda na sabuni. Kemikali nyingi vinazotumia huja kwa lori kutoka bandari ya Dar es Salaam kupitia mpaka wa Kobero, nyingine kwa meli za Ziwa Tanganyika. Katika safari hiyo zinapita mikononi mwa madereva, wapakuzi, watunza stoo na walinzi. Majibu haya, kuhusu mafunzo ya hiari ya mtandaoni ya kulinda kemikali zisiibwe wala kutumiwa vibaya, yameandikwa kwa ajili yao.

Tumeshafundishwa kuvaa glavu na barakoa. Mafunzo haya yana jipya gani?

Glavu inamkinga mtu dhidi ya kemikali. Mafunzo haya yanaikinga kemikali dhidi ya mtu: mwizi, mfanyakazi mwenye kisasi, mnunuzi mwenye nia mbaya. Mwaka 1994 huko Kansas, Marekani, mtu mmoja alinunua mbolea ya amonia naitreti katika ushirika wa wakulima kwa jina la uongo. Tarehe 19 Aprili 1995 mbolea ya aina hiyo ililipua jengo la serikali mjini Oklahoma City na kuua watu 168. Kwa aliyekuwa kaunta, ile ilikuwa biashara ya kawaida. Mafunzo yanamlenga mtu huyo hasa, ajue ni ishara zipi zinastahili swali la pili.

Sisi tunapika sabuni tu. Silaha za kemikali zinatuhusu nini?

Burundi imo katika Mkataba wa Silaha za Kemikali tangu 1998. Mkataba ulianza kutumika tarehe 29 Aprili 1997 na unasimamiwa na shirika la OPCW, lenye makao The Hague, Uholanzi. Pamoja na kupiga marufuku silaha, unafuatilia kemikali za kazi halali. Trietanolamini, inayotiwa kwenye vipodozi na shampuu, imo katika orodha zake. Thiodiglikoli, inayotumika katika wino wa kalamu, imo pia. Klorini ya kusafishia maji haimo, lakini kuitumia kumdhuru mtu ni marufuku vilevile. Mwaka 2007 huko Iraki malori yaliyobeba klorini yalilipuliwa katikati ya watu. Kwa hiyo usiangalie ukubwa wa kiwanda. Angalia kilichomo ndani ya bidoni na mapipa.

Masomo yanapatikana wapi, na bei yake?

OPCW ina masomo ya mtandaoni yasiyolipiwa, na ni mahali pazuri pa kuanzia. Marekani ina mpango wa hiari uitwao ChemLock, ulioanzishwa Novemba 2021 na CISA, wakala wa serikali ya nchi hiyo. Umekusudiwa viwanda vya huko, ila miongozo yake imewekwa wazi na inasomeka popote. Sheria ya Marekani iliyolazimisha viwanda vyenye kemikali hatari kujilinda ilikwisha muda wake tarehe 28 Julai 2023, baada ya Bunge kutouongeza. Tangu hapo hata nchi tajiri imetegemea sana hiari.

Ili kujua tabia ya kila kemikali, tumia kadi za usalama za Shirika la Kazi Duniani na Shirika la Afya Duniani. Ni zaidi ya 1,700, na nyingi zipo kwa Kifaransa.

Wengi wetu tunaelewa Kiswahili na Kirundi kuliko Kifaransa. Umeme nao unakatika.

Basi msisome kila mtu peke yake. Mmoja anayesoma Kifaransa vizuri apakue somo usiku mtandao ukiwa mwepesi, kisha awaeleze wenzake nusu saa kabla ya zamu kuanza. Mtu wa mtaa wa Buyenzi, anayezungumza Kiswahili, atakumbuka zaidi maelezo ya Kiswahili kutoka kwa mwenzake wa stoo kuliko slaidi arobaini alizobofya ili apate cheti.

Kwa nini patroni anipe muda wa kazi kwa jambo lisilo la lazima?

Mwonyeshe hasara. Pipa la kostiki soda likiibwa, fedha imepotea. Likiuzwa mtaani kwenye chupa ya maji ya kunywa, mtoto anaweza kuungua koo, na polisi wataanza kuuliza maswali kwenu.

Nikimaliza somo, kesho nibadilishe nini?

Anza na hesabu. Linganisha kilichoandikwa na kilichopo, kwa kufungua na kupima, maana pipa lililojazwa maji linaonekana limejaa. Ufunguo wa stoo uwe na daftari: nani kauchukua, saa ngapi, kaurudisha lini. Mnunuzi asiyejua matumizi ya anachonunua, anayekataa risiti, au anayelipa taslimu kwa wingi usio wa kawaida, asihudumiwe na mtu mmoja peke yake. Na usipige picha stooni ukaiweka WhatsApp. Picha hiyo inamwonyesha asiyehusika kufuli, mlango na idadi ya mapipa.

Nikimshuku mwenzangu, si nitaonekana mchongezi?

Ripoti ulichoona, usiripoti mtu unavyomdhani. "Jumanne jioni mapipa mawili hayakuwepo" ni taarifa. "Fulani ni mwizi" ni majungu. Kabila, dini au mtaa wa mtu si ishara ya hatari, na katika mji huu sote tunajua shaka ya namna hiyo hufika wapi. Kiwanda kiteue mtu mmoja wa kupokea taarifa, naye awe na wajibu wa kumrudishia majibu aliyeripoti.

Kwa hiyo tukisoma wote, tumepona?

Hapana. Tarehe 4 Agosti 2020 shehena ya amonia naitreti, iliyoandikishwa kuwa tani 2,750, ililipuka katika bandari ya Beirut, Lebanoni, na kuua zaidi ya watu 200. Shehena hiyo ilikuwa imekaa ghalani tangu 2014. Maofisa wa forodha walijua na waliandika barua mara kadhaa wakiomba iondolewe, lakini haikuondolewa. Hakuna somo linaloziba pengo la namna hiyo, kwa sababu aliyejua hakuwa na mamlaka na mwenye mamlaka hakuchukua hatua. Ndiyo maana, kiwanda kikiamua kuanza mafunzo haya, wa kwanza kukaa darasani awe mkurugenzi, kwa kuwa barua ya mtunza stoo itaishia mezani kwake.