Bonasi ya Chai, Safari ya Entebbe na Karo ya Januari

Bonasi ya chai huingia karibu na Oktoba, shule zinafungwa mwisho wa mwaka, na karo inakungoja Januari. Hapo katikati watoto wanataka kutembea. Je, familia ya Nyamira au Kisii inaweza kwenda nje ya nchi na karo bado ilipwe? Inawezekana, ukifuata hatua hizi.

1. Karo kwanza. Siku pesa ikiingia, hamishia karo kwenye akiba iliyofungwa hadi Januari. Inayobaki ndiyo ya safari.

2. Chagua karibu. Si lazima Dubai. Kule Entebbe, Uganda, kuna kituo cha wanyama cha UWEC kando ya Ziwa Victoria, chenye simba, faru na sokwe. Unapanda basi kupitia Kisumu na Busia. Tangu 2014 Mkenya huingia Uganda kwa kitambulisho, bila pasipoti. Kuhusu hati za watoto, ulizia Uhamiaji mapema.

3. Gawa pesa: nauli, malazi, kiingilio, chakula na dharura. Nauli ya kurudi usiiguse.

4. Ukifika Busia, badilisha pesa kwenye duka lenye leseni, si barabarani.

5. Kabla ya kutuma malipo ya chumba, piga simu hotelini uthibitishe namba. PIN usimpe mtu, hata akisema anatoka kwetu.

Hesabu ikikataa, tusikope. Mwaka huu wapeleke Kisumu Impala, Entebbe iwe mwakani.