Ikhtilafu ya Manasara Katika Kitabu Chao na Katika Kudhihirisha Imani

 Somo hili ni la Muislamu wa pwani apandaye bara kwa biashara au kwa kazi, akafika Kahe na Moshi, akawasikia Manasara wakibishana asijue asili ya ubishi wao. Ama akacheka pasina ilimu, ama akaingiwa na shaka pasina sababu. Yote mawili ni madhara.

Kahe ni bonde lililo chini ya Kilima Njaro. Hapo ndipo reli itokayo Tanga ilipokutana na ile itokayo Voi, iliyojengwa wakati wa Vita Vikuu vya kwanza, na hapo Waingereza na Wajerumani walipigana mwezi wa Machi 1916. Dini nazo zimekutana pande hizo kama reli. Wamisionari wa Kiingereza walikaa Moshi tangu 1885, wakaondoka 1892. Waluteri wa Leipzig wakaanza Machame 1893, na Waroma wa shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wamekwisha kukaa Kilema. Upande wa Upare walikuja Waadventista mwaka 1903, nao huitukuza Jumamosi na kuiacha Jumapili, wala hawambatizi mtoto mchanga kama wafanyavyo wale wawili. Kila mmoja husema, dalili yangu imo Kitabuni. Na Kitabu chenyewe si kimoja kwa hesabu, kwani Waroma huhesabu vitabu 73, na Waprotestanti 66.

Mfano mkubwa wa ikhtilafu yao ni mkate. Wote husoma kuwa Nabii Isa, juu yake amani, alitwaa mkate akasema kuwa huo ni mwili wake. Mroma asema, mkate umegeuka dhati yake, umebaki umbo na ladha tu. Luther asema, mwili umo kweli pamoja na mkate. Zwingli wa Uswisi asema, ni alama ya mwili. Wawili hawa walikutana Marburg, Ujerumani, mwaka 1529, wakawafikiana katika mambo 14, wakashindana katika la 15, nalo ndilo hili. Na imepokewa kuwa Luther aliyaandika maneno yale mezani kwa chaki, akakataa kuondoka juu yake.

Mwanafunzi aliyesoma nahau na usuli ataona mara moja kuwa huu ni ubishi wa hakika na majazi: je, neno lichukuliwe kwa dhahiri yake, ama lina karina iligeuzayo? Na iko ajabu ndani yake. Ulaya walishindana juu ya neno "ni", na ilhali Kiarami, lugha ya Nabii Isa, ni ndugu ya Kiarabu, huweza kuleta mubtada na khabari bila ya neno hilo kutajwa. Walioshindana wote waliishika tafsiri. Ndiyo maana Imamu Shafii alipotunga Ar-Risala aliweka kwanza kanuni za kusoma, neno la jumla na neno mahsusi, linalofuta na lililofutwa, na akasisitiza kuijua lugha ya Waarabu, kabla mtu hajasema "dalili yangu imo Kitabuni".

Mkate huo huo uliwagombanisha Maaskofu wa Kiingereza hapa petu. Mwezi wa Juni 1913 wamisionari walikutana Kikuyu, na mwisho wa mkutano Askofu Peel wa Mombasa akawapa mkate hata wasiokuwa wa kanisa lake, ndani ya kanisa la Waskoti. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, mwenye kanisa la Mkunazini, aliposikia aliandika kwa Askofu Mkuu wa Canterbury akiwashitaki Peel na Willis wa Uganda kwa uzushi na mfarakano. Kwake yeye, kasisi asiyewekewa mikono na Askofu hana silsila, kama mwalimu asiye na ijaza. Jawabu lilitoka 1915, wala hapana aliyetiwa hatiani.

Ama katika kudhihirisha imani mbele ya watu, hitilafu yao ni ya ndani zaidi. Kasisi Bruno Gutmann, Mluteri aliyekaa Moshi ya Kale miaka mingi hata 1938, aliona kuwa Mchaga hawi Mkristo peke yake, bali pamoja na ukoo wake, jirani zake na rika lake. Basi vijana wa kipaimara akawafunga pamoja kwa mfano wa rika la Kichaga, kila mmoja awe ngao ya mwenziwe. Wako waliomlaumu kuwa amechanganya damu na imani. Na katika miaka hiyo hiyo ya 1930 ulitoka Gahini, Rwanda, uamsho wa wale waitwao Walokole, ukaenea Uganda na Bukoba, na baadaye pande nyingine za Tanganyika. Hao husema ubatizo na ukoo havitoshi: sharti mtu asimame mbele ya wenziwe, ataje dhambi zake, aseme kuwa ameokoka. Mwaka 1941, katika chuo cha makasisi cha Mukono, wanafunzi 26, na mkubwa wao William Nagenda, walifukuzwa kwa kuamka alfajiri kusali na kuhubiri kinyume cha amri ya mkuu wa chuo.

Muislamu asifurahie mafarakano haya kama ashangiliaye ngoma. Pwani nzima yajua jinsi watu walivyonuniana kwa sababu ya matwari ndani ya dhikri na kwa sababu ya mwandamo wa mwezi, hata jamaa wa mtaa mmoja wakala Idi siku mbili. Na Mwenyezi Mungu amekataza katika Suratul Ankabut kujadiliana na Watu wa Kitabu ila kwa njia iliyo njema, isipokuwa wale waliodhulumu. Nyumba ya Kilima Njaro huenda ikawa na Muislamu, Mroma na Mluteri wa baba mmoja. Atakayemdhihaki mmoja amekwisha kumtukana baba yao.

Lakini hukumu zijulikane. Dhambi aliyoisitiri Mola, Mtume amekataza mja kuifichua asubuhi yake. Toba ni baina ya mja na Mola wake, ila haki ya mtu, hiyo hurudishwa kwa mwenyewe. Na kuupima moyo wa mtu si kazi ya jamaa: Usama bin Zaid alipomwua mtu aliyekwisha kutamka shahada, akidai kuwa alitamka kwa khofu ya upanga, Mtume alimkemea kwa kumwuliza kama aliupasua moyo wake. Basi akija mtu wa Kahe kutaka kusilimu, hatakiwi kutaja maovu yake, wala kungojea ukoo wake. Atatamka shahada mbili kwa kuitakidi maana yake, na kwa kauli sahihi ya madhehebu yafaa hata kwa lugha yake. Kisha ataoga, nako ni sunna, isipokuwa alikuwa na janaba, hapo ni wajibu. Na usiku huo huo aanze kufundishwa Fatiha.