KUTEMBELEA BERLIN: MJUSI WA TENDAGURU

Leo tusome juu ya Berlin, mji mkuu wa Ujerumani. Watalii wengi huenda kuona mabaki ya ukuta uliogawa mji huo tangu 1961 hadi 1989. Sisi Watanzania tunacho cha kwetu cha kuona huko.

Mgeni hutembea mjini kwa treni. Stesheni hazina mlango wa kumzuia mtu, lakini usidanganyike! Tikiti ya karatasi hugongwa muhuri kwenye mashine ndogo kabla ya kupanda. Wakaguzi wengine huvaa nguo za kawaida kama abiria. Ukikamatwa huna tikiti halali, faini ni yuro 60.

Panda treni ya U6, ipitayo chini ya ardhi. Shuka stesheni ya Naturkundemuseum. Hapo pana nyumba ya makumbusho ya viumbe. Lipa kiingilio, ingia ndani. Lo! Mbele yako amesimama mjusi wa kale, yaani dinosaria. Kimo chake chapita mita 13, karibu watu wanane wakisimama mmoja juu ya kichwa cha mwenziwe. Mifupa yake ilitoka Tendaguru, Lindi.

Ilifikaje huko? Zamani hizo nchi yetu ilitawaliwa na Wajerumani. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha juzijuzi tu, mwaka 1907. Kuanzia 1909 hadi 1913 wataalamu kutoka Berlin walisimamia uchimbaji. Lakini waliochimba ni wenyeji, mamia kwa mamia. Msimamizi wao aliitwa Boheti bin Amrani. Barabara ya gari haikuwepo. Mifupa ilibebwa na watu, kwa miguu, mpaka bandari ya Lindi. Ilizidi tani 200!

Hebu tupige hesabu. Tani moja ni kilo 1,000. Mtu mmoja akibeba kilo 25, tani moja ni mizigo 40. Tani 200 ni mizigo 8,000. Na mizigo hiyo ni ya kichwani na mabegani.

Wabunge wetu wameshalizungumza Bungeni. Kuna wanaotaka mjusi arudi. Kuna wanaosema kumtunza ni gharama kubwa. Sisi tunaona, arudi asirudi, wachukuzi wale wanastahili kutajwa kila anapotajwa yeye.

Zungumzeni darasani: mngekuwa watu wa Tendaguru, mngewadai Wajerumani nini?