Matatizo ya Ulaji: Itambue Tiba Kabla ya Kuilipia

Lengo la somo hili ni kumwezesha mtumiaji wa huduma za afya kutofautisha tiba iliyothibitishwa na bidhaa inayouzwa kwa jina la tiba. Tumechagua matatizo ya ulaji kwa kuwa familia nyingi huanzia dukani, ilhali zilipaswa kuanzia hospitalini.

Magonjwa yenyewe

Yapo matatu yajulikanayo zaidi. Mwenye anoreksia hujinyima chakula hadi uzito ukashuka mno, naye huendelea kuogopa kunenepa hata akiwa amekonda kupindukia. Mwenye bulimia hula chakula kingi kwa muda mfupi pasipo kuweza kujizuia, kisha hujitapisha, hunywa dawa za kuharisha au hujinyima kula ili kufidia. Katika ugonjwa wa ulaji wa kupitiliza, mgonjwa hula vivyo hivyo bila kufidia, na hubaki na aibu na majuto.

Mgonjwa wa bulimia aweza kuwa na uzito wa kawaida; hivyo mizani pekee haitoshi kumtambua. Magonjwa haya huwapata wanawake na wanaume, na mara nyingi huandamana na sonona au wasiwasi uliokithiri. Si deko wala kiburi, na kumkaripia mgonjwa hakumponyi.

Tiba zilizothibitishwa

Kwa kijana mwenye anoreksia, tiba inayopendekezwa kwanza ni tiba kupitia familia, iliyoendelezwa katika Hospitali ya Maudsley, London, katika miaka ya 1980. Ina hatua tatu. Kwanza, wazazi hushika usimamizi wa milo yote, bila kumlaumu mtoto wala kujilaumu wenyewe. Uzito unaporejea, kijana hurudishiwa uamuzi wa kula kidogo kidogo. Mwishoni, familia huzungumzia masomo, urafiki na mambo mengine ya ujana ambayo ugonjwa uliyasimamisha. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2017 unapendekeza vikao 18 hadi 20 katika muda wa mwaka mmoja.

Kwa mtu mzima, tiba ya fikra na mwenendo ndiyo iliyochunguzwa zaidi. Aina yake mahususi kwa magonjwa haya iliasisiwa na Christopher Fairburn wa Chuo Kikuu cha Oxford. Mgonjwa huandika alichokula, saa aliyokula na alivyojisikia. Huzoeshwa kula kwa nyakati zilizopangwa. Kisha huichunguza ile imani kwamba thamani yake yote imo katika umbo lake. Kwa kawaida huchukua vikao 20. Mwenye uzito mdogo sana huhitaji takriban 40.

Dawa zina nafasi yake, lakini ni ndogo. Fluoksetini imeidhinishwa Marekani kwa bulimia, na hutolewa kwa cheti cha daktari. Kwa anoreksia, nchi hiyo haijaidhinisha dawa yoyote. Aidha, dawa ya sonona iitwayo bupropioni haimfai mwenye anoreksia au bulimia, kwani huongeza hatari ya degedege. Ndiyo maana daktari hana budi kuelezwa ukweli wote, hata ule wa kujitapisha.

Bidhaa za kuepuka

Tuchukulie msichana wa miaka 15 aliyeacha kula. Mama yake anauziwa vidonge vya hamu ya kula. Mara nyingi vidonge hivyo ni siproheptadini, ambayo kwa asili ni dawa ya mzio. Msichana huyu hakukosa hamu. Ana hofu, na kidonge hicho hakiitibu. Miezi inapita, ugonjwa unakomaa.

Hatari zaidi ni deksamethasoni inayouzwa kwa ajili ya kunenepesha. Huvimbisha uso, huweza kupandisha sukari na shinikizo la damu, na kuiacha ghafla baada ya kuitumia kwa muda mrefu kwaweza kuhatarisha maisha. Kwa upande wa kukondesha, sibutramini iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara ya moyo na kiharusi, lakini imeendelea kugunduliwa ndani ya bidhaa zinazodaiwa kuwa za mitishamba. Dawa za kuharisha nazo hutoa zaidi maji na chumvi za mwili. Potasiamu ikishuka, moyo huweza kusimama.

Dalili za kwenda hospitali siku hiyo hiyo

Mpeleke mgonjwa bila kuchelewa akizimia, akihisi moyo kwenda mbio au kuruka mapigo, akitapika damu, akikaa siku kadhaa bila kula, au akizungumzia kujiua. Aliyekaa na njaa muda mrefu asishindiliwe chakula kingi nyumbani: fosfeti katika damu yaweza kushuka ghafla na kuudhuru moyo. Huanzishiwa chakula kwa vipimo, chini ya uangalizi wa daktari.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

1. Je, una leseni ya taaluma yako, na imetolewa na baraza gani?
2. Umewahi kutibu matatizo ya ulaji, na kwa njia ipi?
3. Vikao vingapi vinatarajiwa, na kila kimoja ni shilingi ngapi?
4. Nani atapima uzito, mapigo ya moyo na damu wakati wa tiba?
5. Familia itashirikishwaje?
6. Tutajuaje kwamba tiba inafanya kazi, na isipofanya tutaelekezwa wapi?

Anayeahidi uponyaji wa wiki moja, anayekataa kuandika jina la dawa, au anayekutaka usimwone daktari mwingine, usimlipe. Ikiwa umekwisha nunua bidhaa unayoitilia shaka, acha kuinunua tena na umwone daktari kabla ya kuikatiza. Tunza kasha na risiti, kisha toa taarifa kwa mamlaka ya dawa. Taarifa hiyo hutuwezesha kuichunguza bidhaa na kuiondoa sokoni kabla haijamfikia mtoto wa mwingine.